Siku Mashine Iliponikataza Kupumua

Aibu hii nimeimeza miezi sasa, lakini kwa kuwa Echati mke wangu ameshawasimulia nusu yake (ile nusu mbaya), afadhali niwape yote mwenyewe.

Kaka yangu alikufa kwa saratani ya mapafu, na sigara tulijifunza pamoja, kwa hiyo daktari wa kwetu Andoany aliponiambia niende hospitali kubwa ya Mahajanga nikapigwe picha ya skana kabla hata sijaanza kukohoa, eti ugonjwa huu ukiwahiwa unatibika, usingizi ulinihama. Tukafikia kwa mama mkwe, naye akataka kutusindikiza hospitali, na mkwe humkatalii.

Mlangoni Echati, ambaye ni mwalimu wa Kifaransa, akaniuliza, "Niingie nikutafsirie?" Mbele ya mama yake! Nikamjibu, "Mimi nawauzia Wazungu vanila tangu hujazaliwa." (Kifaransa changu ni cha bei na salamu, basi.)

Ndani wauguzi wakanivika gauni la kufungwa nyuma kwa kamba mbili, moja imekatika, wakanilaza mikono juu, wakatoka wote. Kitanda kikaanza kuingia kwenye lile duara la mashine, mara sauti ya mwanamke, sijui yuko wapi, ikasema taratibu: "Ne respirez plus." Hilo "plus" nalijua, ndilo ninalowaambia wateja vanila ikiisha: hakuna tena. Usipumue tena! Nikajua saratani wameiona, imeshaenea, na huyu ananiaga kwa adabu. Niliogopa, jamani, niliogopa kama mtoto. Nikapiga shahada kwa sauti, nikajibwaga chini, nikatoka mbio.

Mama mkwe alikuwa amekaa nje na tasbihi yake. Nikampita nikilia, "Sijafa! Sijafa!" na gauni limefunguka nyuma kote. Maskini, akajifunika uso kwa ncha ya shiromani aliyojitanda.

"Baba Zaina!" Echati akanishika. "Ni kubana pumzi kidogo tu, picha itoke! Mashine ikimaliza inakuambia upumue."

Picha ikarudiwa, Echati akiwa nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo. Madaktari wakaona kidoa pafuni, kidogo sana, pengine kovu tu, ila wakasema nirudi mwakani watazame kama kimekua.

Mama mkwe siku hizi ananisemesha akitazama ukuta. Nitarudi, na Echati ataingia nami, Kifaransa changu kibaki sokoni. Lakini nikikohoa tu, hata kwa vumbi la njiani, ile sauti naisikia tena, nami nasimama palepale nikingoja iniambie nipumue.