Nyota Mwishoni mwa Jina

Binti yangu Gracieuse anaangalia kompyuta za maabara katika kliniki moja hapa Kalemie. Bado yuko kwenye majaribio. Mkubwa wake, Papa Isidore, ataamua mwisho wa mwezi kama atabaki. Ndiyo maana humtazama anavyokula. Jumanne hakugusa bukari, ugali wake.

Nilimwuliza mpaka akasema. Programu inayochapa majina ya kubandika kwenye chupa za damu ilikuwa inaharibika kila ilipoletewa toleo jipya. Ina vipande vingi, na majina yao yanaanza sawa. Hakutaka kuviandika kimoja kimoja. Aliandika mwanzo wa jina, akaweka nyota, maana yake chochote kinachofuata, akaamuru: vyote vya namna hii, toleo la zamani litangulie. Ikatulia.

Sasa kimeletwa chombo kipya cha kupima damu, na jina la programu inayokisoma linaanza vilevile. Nyota imeikamata nayo, imebaki ya zamani, chombo hakisomeki. Papa Isidore anasema ni kibovu, kirudi Lubumbashi.

Nikamkumbusha harusi ya kule Kabalo, dada yangu Adolphine alipotangaza kwamba akina Ngoy waketi mbele. Alimaanisha wajomba wa bwana harusi. Nusu ya ukumbi, wote wakiitwa Ngoy, ilisimama, na wajomba wakakosa viti. Gracieuse akacheka.

“Njo vile, Mama, hivyo hivyo. Dawa ni kuita ile moja kwa jina lake lote, ipewe toleo jipya. Nikiandika kesho kitasomeka, na hakuna atakayejua kosa lilikuwa langu.”

Moyo wangu ukapoa. Kisha akasema kwamba Papa Isidore amekwisha kumwita Blanchard, aliyeuza chombo, tapeli mbele ya wagonjwa. Aliniangalia. Nikampakulia tena.

Asubuhi aliandika, chombo kikasoma. Halafu akaingia kwa Papa Isidore, akamweleza yote, hata harusi.

“Na akina Ngoy wengine?” mzee aliuliza. “Nani tena umemkalisha mbele bila kujua?”

Akamwambia apitie amri zake zote. Mwenyewe akampigia Blanchard simu, akaomba radhi.

Kuhusu mwisho wa mwezi hakusema. Jioni Gracieuse alimaliza bukari yote, akaomba na samaki wa ndagala. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.