Wiki Tuliyojifunza Kukaba Chini

Kila nikinusa nyasi zilizokatwa asubuhi, shingo yangu hukakamaa yenyewe. Narudi uwanja wa raga wa shule yetu, Sydenham, mjini Durban, nina miaka kumi na tatu, na refa ananyanyua kadi ya njano.

Nilikuwa nimemkaba mpinzani shingoni, kama nilivyofundishwa. Aliyenifundisha si kocha, ni Tonton Faustin, yaani mjomba Faustin, jirani yetu wa Albert Park, aliyekuwa mwanamieleka huko Lubumbashi. Kwenye korido ya ghorofa yetu aliniambia kila jioni: "Kamata shingo, mwili utafuata."

Shingo ilikatazwa tangu zamani, ila marefa wetu walifumba macho; msimu ule sheria ikakazwa zaidi. Kukaba popote kupita kifua kukawa kosa. Kocha akanionya: kadi moja zaidi, jezi yangu anavaa mwingine. Nikauliza nani kaamua, na kwa nini kifua, si bega.

"Eish, wewe! Cheza tu."

Nikampelekea Tonton swali lile. Akawaka. "Chini ya kifua? Huo mchezo iko wa kubembelezana!"

"Basi niambie, Tonton, kwa nini shingo?"

"Sijui, petit. Walinifunza hivyo." Akavua viatu. "Haya, nikamate kiunoni. Tuone."

Nikamwangusha juu ya beseni la nguo za mama. Msinicheke, nilidhani nimemuua. Yeye akacheka mpaka akakohoa. "Tena! Na kichwa weka pembeni, usinitie kesi na mama yako." Wiki nzima tuliangushana, majirani wakifungua milango kuuliza nani anapigana.

Jumamosi likaja lijamaa linakimbia na mpira. Mikono yangu ikapanda shingoni kwa mazoea. Nikaishusha, nikakumbatia mapaja yake, shavu kwenye nyonga. Tukaanguka. Nikasubiri filimbi. Haikulia. Ng'ambo ya mstari Tonton alikuwa akiruka: "Voilà! Chini! Chini!"

Jezi ikabaki yangu, nami nikadhani ushindi ni huo tu. Nilipofika chuo kikuu ndipo nilipofahamu kwamba sheria ile ililinda hata kichwa changu mimi niliyekaba. Kuelewa alichofanya Tonton kulichukua muda zaidi. Ule mkabo wa shingo ndio ufundi pekee aliokuja nao Durban, na aliutilia shaka kwa sababu mtoto wa jirani kauliza. Maswali yangu mengi bado hujibiwa kwa hasira. Lile lilijibiwa na mtu mzima aliyekubali kuanguka kwenye saruji, tena na tena, ili naye ajue.