Nililitaja Jina la Mhunzi, Langu Nikalimeza

Siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa kuna miaka nilijitahidi kuisahau. Zaidi yangu, aliyeijua yote kabla ya watu ni kaka yangu Joeli, na tumemzika mwezi uliopita hapa Rujewa. Msibani watu walisema mema yake mengi. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikanyamaza, kwa sababu jema ninalolijua mimi haliwezi kusemwa bila kusema ubaya wangu. Sasa nimechoka kukaa nalo. Shule yangu iliishia darasa la saba, basi nitaandika kama ninavyoongea.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kaka Joeli alikuwa na Landrova kuukuu aliyobebea mpunga wa watu kutoka Madibira kuja kwenye mashine za kukoboa hapa kwetu. Yeye alikuwa dereva na mimi fundi, ufundi wa kujifunza kwa kutazama. Mwaka ule springi za nyuma zilikuwa zimechoka. Nikueleze kama hujaziona: ni vyuma bapa virefu, kimoja juu ya kingine, vimepinda kama upinde ili vibebe mzigo. Vya kwetu vilikuwa vimenyooka kabisa. Ukipakia magunia manne tu, gari linakaa makalio chini kama ng'ombe mgonjwa.

Wiki hiyo kaka aliitwa Kalenga, mama mkwe wake alikuwa mgonjwa. Kabla ya kupanda basi alinishika bega.

"Mdogo wangu, gari lilale. Jumamosi nikirudi nitapitia Iringa mjini, ninunue springi mpya za pande zote mbili. Tutazifunga hapa hapa nyumbani. Usipakie hata gunia moja."

"Sawa, kaka."

Sawa yangu ilidumu siku mbili.

Jumanne asubuhi alikuja jirani yetu, Mama Atupele, mjane. Mpunga wake wa mwaka mzima ulikuwa umeshapurwa, uko kwenye magunia kando ya majaruba kule Madibira, na mawingu yamekusanyika wakati si wake. Magari mengine yote yalikuwa yameshachukuliwa.

"Mwanangu, mbingu unaiona," alisema. "Na watu wanasema wewe ukilishika gari linapona."

Ningemwambia kweli kwamba gari ni bovu, angekwenda kutafuta mkokoteni wa ng'ombe, na mvua ingemkuta au isingemkuta, hayo ni ya Mungu. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nikamwambia, "Mama, kesho jioni mpunga wako utakuwa mashineni."

Sasa springi ningezitoa wapi? Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Tweve. Alikuwa mhunzi, Mkinga wa Makete aliyehamia huku uwandani miaka mingi, na majembe yote na nyengo za kufyekea za kijiji chetu zilitoka mikononi mwake. Vyuma alivyovifua vilikuwa springi za magari yaliyokufa. Nikajiambia, mtu anayeishi na springi kila siku atashindwaje kuzipinda tena? Nikafungua zile za zamani, nikazibeba kwenye baiskeli hadi kwake.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Umeniletea vyuma vya majembe?"

"Hapana, baba. Nataka uzipashe moto uzipinde, zirudi kama mwanzo."

Alikigusa chuma kwa kidole gumba, akacheka kidogo. "Kijana, hiki nikikitia motoni kinalainika. Ugumu wa kiwandani mimi siujui kuurudisha. Jembe zuri nitakupa. Gari hakitabeba."

"Baba, ni safari moja tu."

"Safari moja ndiyo inayoua watu. Kaka yako anajua?"

Nikamtazama machoni. "Ndiye aliyenituma. Ukikataa atasema umemdharau."

Mwanangu, uongo huo ulitoka laini kuliko salamu. Mzee alikuwa akimheshimu sana Joeli, kwa kuwa ndiye aliyembeba mkewe bure hadi hospitali alipougua. Akavuta mivukuto, akaanza kazi. Alipomaliza, chuma kilikuwa kimepinda vizuri, macho yangu yakadanganyika. Akanikabidhi bila kutabasamu. "Mwambie Joeli nimefanya kwa sababu ni yeye. Na umwambie nilikataa."

Nikazifunga springi zile kwa bolti zile zile za zamani. Kesho yake nikapakia kule Madibira magunia kumi na mawili ya Mama Atupele, naye akaketi mbele karibu yangu, akiimba tenzi polepole. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye mfereji mkubwa wa kumwagilia. Gurudumu la nyuma liliposhuka kwenye korongo nilisikia chuma kikilegea, sauti ndogo tu, kisha mkia wa gari ukainama upande, ekseli ikahama mahali pake, tukateleza ubavu hadi majini.

Hatukuumia. Mama Atupele alitoka kwa mlango wa juu, akasimama kwenye tuta na kanga iliyolowa, akayatazama magunia yake yakinywa maji. Ningefurahi kama angenitukana.

Watu wakaja kutoka mashambani kutusaidia. Wengine walikuwa na utani wao, kama kawaida ya watu wakiona gari la mwenzao limelala. "Fundi, umelileta kunywa maji?" akauliza mmoja. "Liache lishibe." Wakatoa magunia, wakavuta gari kwa ng'ombe. Springi ilipoonekana, imepinda upande wa pili kama kijiko, mzee mmoja akainama akaigusa.

"Hiki kimeunguzwa. Nani kakifua?"

"Mzee Tweve," nikasema.

Hapo ndipo penyewe, mwanangu. Sikudanganya. Nilitaja jina tu, nikafunga mdomo. Sikusema alikataa. Sikusema nilimlazimisha kwa jina la kaka yangu. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Mzee wa watu macho yamekwisha, sasa anaua vyombo vya watu," na moyo wangu, nasema ukweli mbele ya Mungu, ulipata nafuu.

Mpunga ule tuliuanika kwenye maturubai siku tatu. Lakini mpunga ulioloweshwa na kukaushwa tena ukifika mashineni hukatika. Mama Atupele alipata chenga, zile zinazouzwa kwa watu wa pombe na kuku.

Joeli alirudi Jumamosi na springi mpya zimefungwa kwa magunia juu ya basi. Alikuwa ameshasikia habari stendi. Nilitegemea kofi. Alinywa uji, akavua shati, akasema, "Lete jeki."

Tulifanya kazi ile uani mpaka jioni. Alininyanyulia gari kwa chesisi, akaliweka juu ya magogo, ekseli tukaishikiza kwa jeki yake peke yake. Nati zilizoganda alizimwagia dizeli tukazisubiri, wala hakuzilazimisha. Bolti za zamani zote alizitupa. Springi mpya aliiingiza taratibu mpaka kichwa cha bolti ya katikati kikakaa kwenye tundu lake juu ya ekseli. Zile pini za mbele na nyuma aliziacha zimelegea. Nikataka kuzikaza, akanizuia mkono.

"Gari likiwa hewani usikaze. Lishushe, libebe uzito wake kwanza, ndiyo ukaze. Na baada ya safari ya kwanza unakaza tena."

Alikuwa amelala chini ya gari na mimi nimelala upande wa pili, hatuonani ila miguu. Labda ndiyo maana niliweza. Nikamwambia yote: jinsi mzee alivyokataa, jinsi nilivyotumia jina lake, jinsi nilivyonyamaza kule mferejini.

Spana yake ilisimama.

"Mimi gari langu limepona," alisema. "Unajua leo asubuhi watu wangapi wamekwenda kwa Tweve kuchukua vyuma vyao ambavyo hajavifua? Nimepita pale nikitoka stendi. Moto umezimwa, mzee amekaa tu. Nenda."

Nilikwenda jioni ile ile. Nilipiga magoti mlangoni nikamwomba radhi, hata nikalia. Mzee Tweve alinisikiliza mpaka mwisho.

"Inuka," alisema. "Hayo unayoniambia mimi nayajua, nilikuwepo. Kawaambie wasiojua."

Kwetu, ibada ya Jumapili ikiisha watu hawatawanyiki. Hubaki nje kwa mnada wa sadaka, kuku na mahindi na ndizi zilizoletwa madhabahuni, na hapo kijiji kizima husikia habari zake. Joeli aliniambia, "Mnada ukiisha, simama useme. Mwinjilisti nitamwomba mimi." Jumapili ya kwanza nilikwenda, nikasimama nyuma ya watu, kuku wa mwisho akauzwa, nikaondoka. Jumapili ya pili nilijifanya mgonjwa. Joeli hakunisema, wala hakulisema jambo lile kwa mtu mwingine. Angeweza. Alikuwa amepewa lawama ya kumtuma mdogo wake kwa mhunzi asiyeona, akaibeba, akanisubiri nikue. Hilo ndilo jema lake ambalo sikulisema msibani.

Jumapili ya tatu nilisema. Nilisema lote, na Mama Atupele alikuwa amesimama mbele kabisa akinitazama. Kisha yeye ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, "Sasa mzee tutamwambia nini, na ameondoka Ijumaa?"

Binti wa Mzee Tweve alikuwa amekuja kumchukua, wamerudi Makete. Kazi ilikuwa imekwisha kwa wiki mbili na kidogo tu.

Nilimfuata. Baridi ya Makete unaijua, inaingia hadi kwenye meno. Nilimkuta amekaa jikoni kwa binti yake, mikono ameikunjia ndani ya koti.

"Umewaambia?" aliniuliza kabla hata ya salamu.

"Nimewaambia, baba."

"Walikuwa wengi?"

"Kanisa zima."

"Vizuri." Akauliza tena, "Wanasemaje?"

"Wanakuomba urudi. Vyuma vipo."

Akaitoa mikono kwenye koti, akaitazama, akairudisha. "Umenisaidia, mwanangu. Lakini mtu wa umri wangu akishazima moto hauwashi tena." Akamwambia binti yake anipe viazi. Tulikula pamoja, wala hakunisema kwa ubaya. Alifariki huko huko baada ya miaka kadhaa, hakufua jembe jingine.

Husemwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, koleo lingine hupatikana. Nilichokivunja mimi hakikuwa koleo.

Basi sikia, mwanangu, nami nipumzike. Kitu kikiharibika mikononi mwako, jina la kwanza kulitaja liwe lako. Usijifiche nyuma ya ukweli nusu kwa kuwa hakuna anayeweza kukuita mwongo. Nusu ile inatosha kummaliza mtu. Ukikosa, usiende kuungama kwa uliyemkosea peke yake, gizani, ukarudi nyumbani umepata nafuu. Nenda kwa wale waliosikia nusu, uwape iliyobaki, na uende leo. Mimi nilichelewa Jumapili mbili. Na ukiwa na ndugu anayeweza kukufichua akaamua kukusubiri, usimchoshe kwa kusubiri.

Mungu akupe mdomo mwepesi kwa makosa yako na mzito kwa ya wenzako. Akupe watu wa kukukaripia ukiwa bado kijana, na siku utakapowazika, uwe na la kusema kwa sauti mbele ya watu. Nenda salama, mwanangu.