Hesabu ya Kasi Kando ya Steji

Si kweli kwamba Mwalimu Phanice, mjane wa Khaemba, huwauza watu wa boda kwa polisi. Uvumi huo ulizaliwa katika saluni ya Awiti, mtaani Kawangware 56, ambako vichwa hutengenezwa nje tu.

Kilichotokea kilikuwa somo tu. Kule Kibera anakofundisha, wanafunzi wake walikariri kwamba kasi ni umbali kugawanywa kwa muda, lakini hakuna aliyejua maana yake. Akawatoa nje. Wakapima mita hamsini kando ya barabara kwa kamba ya kuanikia nguo, mmoja akashika saa ya simu. Pikipiki ipite, wagawanye.

Watu wa boda pale stejini, wanapongojea abiria, wakaona kamba, saa na mwanamke mwenye koti jeusi. Kwa akili zao, huo ulikuwa mtego wa polisi. Basi wanaume wazima wakazima injini, wakashuka na kusukuma pikipiki mbele ya watoto, abiria wamekaa juu kama maharusi.

"Madam, huyu tumwandike kasi gani?" akauliza Marion, mwanafunzi aliyeshika saa.

"Ya mkokoteni."

Darasa likaangua kicheko. Duncan, aliyekuwa akisukuma, hakucheka. Jioni alipeleka abiria kule Kawangware 56, akammwagia Awiti maneno, naye Awiti akatia chumvi. Jumapili kanisani, hakuna aliyeketi karibu na Mwalimu.

Shemeji yake, Elvis, akaja mbio. "Shemeji, waombe msamaha yaishe. Jina la ndugu yangu linachafuka."

"Jina la Khaemba siliinamishi mbele ya watu wanaoogopa kamba ya nguo."

Kesho yake akarudi stejini na darasa lote, akanyoosha kamba ileile mbele ya kila mtu.

"Duncan, panda upite hapa. Watoto wakimaliza kuhesabu, nionyeshe polisi aliko."

Wenzake wakimtazama, angekataaje? Akapita.

"Sekunde kumi!" akasema Marion. "Mita tano kwa sekunde. Kilomita kumi na nane kwa saa!"

Steji ikalipuka. "Aii, Duncan! Si hutuambia wewe hukanyaga mia?"

"Madam, si ungesema ni hesabu tu," Duncan akanung'unika.

"Hukuuliza. Ulikimbilia saluni."

Njiani kurudi, Elvis, aliyekuwa amefuatana nao, akataka kujua kama sasa amemsamehe yule kijana, ili awaeleze watu wa nyumbani.

"Waeleze ilikuwa hesabu," akasema Mwalimu. "Mengine sisemi, si kwao wala kwako."