Saba Mara Nane Mbele ya Inspekta

Siku yangu ya kwanza ya kazi, kule Katana, niliingia shuleni nikibeba sufuria ya maharagwe niliyofungiwa na mama. Directeur wa huko, yaani mwalimu mkuu, akaniuliza, "Monsieur, umekuja kufundisha ao kuuza?" Ninaanza na hilo ili ninyi walimu vijana mjue mapema anayewaandikia ni mtu wa namna gani: mtu wa nyumbani, mwenye diplome ya sekondari na hakuna kingine juu yake, ambaye kila alipotumwa alikumbuka kitanda chake. Kutoka Katana walinipeleka Bunyakiri, ambako mvua ilifundisha kuliko mimi. Mwishowe wakanirudisha Bukavu, kwenye shule moja ya Kadutu, mwendo wa mguu kutoka kwetu. Wenzangu walisema nililia mpaka ofisi ikachoka. Hawakukosea sana.

Wakati ule hesabu ya kichwa ilifanywa kwa ardoise, kile kibao cheusi kidogo ambacho kila mtoto anashika mkononi. Mwalimu anapiga latte, rula ndefu ya mbao, juu ya meza. Pigo la kwanza: chaki chini, sikilizeni swali. La pili: andikeni. La tatu: vibao juu, vyote pamoja, asiwepo wa kuchungulia jirani. Inspekta alikuwa anaweza kusimama nje ya dirisha, akasikia yale mapigo tu, akajua mwalimu ana uzito gani.

Basi mwaka mmoja wakaniletea Nsimire katika darasa la tatu. Homa ya utotoni ilikuwa imemwachia kila kitu isipokuwa masikio. Mama yake, muuza unga wa muhogo sokoni, alimshika mkono mpaka mlangoni kwangu.

"Monsieur, nimemuzungusha mashule yote, wanamukatala. Nyumbani anachunga tu unga yangu, mvua isiilowanishe. Atachunga unga mpaka azeeke?"

Directeur wetu wa Kadutu hakumkataa, wala hakumkubali. "Akae kwa kujaribu, mpaka Inspekta apite," alisema. "Inspekta akiona darasa inarudi nyuma, mutoto anarudi nyumbani. Na wewe, Monsieur, unarudi Bunyakiri."

Hapo ndipo nilipoanza kupenda elimu ya watoto wenye ulemavu kwa moyo wangu wote.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Nilipiga latte, vibao vikapanda, kimoja kikabaki chini. Nsimire alitazama pembeni, akaandika alichokiona, akainua wakati wengine wameshashusha. "Monsieur, huyu iko nakopia!" wakapiga kelele. Kweli alikuwa anakopia. Wewe ungefanya nini?

Nikaficha latte nyuma ya kabati. Ngumi ikawa: tazameni. Kiganja wazi: andikeni. Mkono juu: vibao juu. Namba nilizitoa kwa vidole, na mikono niliyoipishanisha kama msalaba ikawa "mara". Baada ya majuma machache darasa lilikuwa kimya hata Directeur akaja kuona kama tumetoroka. "Mukonafundisha humu," akauliza, "ao mukonasali rozari?"

Inspekta akaja siku ya mvua. Tulisikia gari yake ikipanda kilima, na roho yangu ikishuka. Mama Nsimire alikuwa amepata habari. Alisimama chini ya bati la shule, beseni ya unga ingali kichwani.

Kabla sijainua ngumi, Inspekta, mzee mwembamba asiyecheka ovyo, akaiona latte nyuma ya kabati. "Nitauliza miye mwenyewe." Akapiga. "Tano mara sita." Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu.

Hakuna kibao kilichopanda. Watoto wote walikuwa wanatazama mikono yangu. Nilikuwa nimewazoesha vizuri mno.

Inspekta akamgeukia Directeur. "Uliniambia kiziwi ni mumoja."

Directeur akaniangalia kama mtu anayenifungia mzigo wa safari.

"Ruhusa, Inspekta," nikasema, kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Ngumi. Vidole vitano, msalaba, vidole sita. Kiganja. Chaki zikakwaruza. Mkono juu: vibao vikapanda pamoja, na cha Nsimire katikati yao kimeandikwa thelathini. Nne mara sita, akapata. Tatu mara nane, akapata. Nikaanza kupumua.

"Hii ni teatri," Inspekta akasema. "Umewazoesha mahesabu mbili tatu ya kunionyesha, na mutoto ameshika kama kasuku." Akamtoa Nsimire kwenye benchi, akamkalisha peke yake mbele, mgongo kwa wenzake. "Sasa nachagula miye. Saba mara nane."

Hiyo ndiyo niliyokuwa ninaiogopa. Jedwali la saba lilikuwa linawaangusha hata wa darasa la sita. Nikaonyesha vidole saba, msalaba, vidole nane. Nikavihesabu upya mwenyewe, nisije nikamwonyesha tisa. Nje, Mama Nsimire alikuwa ameshusha beseni.

Mkono juu.

Inspekta akapita kati ya mabenchi bila haraka, akisoma kwa sauti. Hamsini na nne. Hamsini na sita. Hamsini na nne. Hamsini na nne. Akafika mbele, akainama juu ya kibao cha Nsimire.

"Hamsini na nne."

Nikafunga macho. Nikaiona Bunyakiri yote, na mvua yake.

"Amekosa," Directeur akasema haraka. "Inspekta, miye nilisema tangu mwanzo."

"Amekosa kweli. Kama Monsieur angemufundisha kwa ajili yangu, angepata." Inspekta akaweka latte mezani. "Amekosa palepale wenzake wamekosea, na hakuwa na wa kukopia. Huyu ni mwanafunzi wa hii darasa. Abakie. Na wewe, Monsieur, rudilia jedwali ya saba. Kwa vidole ao kwa fimbo, ni kazi yako."

Nikatoka kumwambia Mama Nsimire. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyanyua beseni yake. "Basi unga nitachunga miye mwenyewe," akasema, akashuka sokoni.

Sasa nimestaafu, na mke wangu anauliza kama hakuna shule Bunyakiri inayohitaji mzee. Ninyi mnafundishwa siku hizi kwa semina, na maneno yake ni mazuri. Mimi ninawaachia moja tu. Mtoto akikosa peke yake, angalia kwanza wewe umesimama wapi. Akikosa pamoja na wenzake, huyo ameshaingia darasani.

Nsimire alimaliza la sita, leo ni fundi wa nguo. Juzi alinipima suruali, nikaona namba ya kiuno aliyoandika, nikamtikisia kichwa: umekosa. Akainua ngumi. Tazama. Akanizungushia utepe tena, polepole, mbele ya wateja wote.

Alikuwa amepata. Tumbo ndilo lililokosa.