Beki wa Barafuni na Viatu Vyangu vya Kanisani

Kilichoniondoa Babati ni swali moja. Ukoo mzima tulikuwa tumekaa Sigino, nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, Boay, tukizungumza habari za Paskalina. Paskalina ni binti wa marehemu mdogo wetu. Nimemlea mimi, kwa perege na kambale ninaouza sokoni Babati, hadi akaenda Uswidi kusomea uuguzi na kubaki huko kazini. Sasa alikuwa amepata mchumba, Mswidi, anaitwa Anders.

"Anafanya kazi gani?" Kaka akauliza.

Paskalina alikuwa kwenye simu, tumemweka spika wote tumsikie. Akajibu kwamba mchumba wake anacheza mpira wa magongo juu ya barafu, na namba yake ni beki. Kikao kikaangua kicheko.

"Mchezo si kazi, mwanangu," Kaka akasema. "Na akizeeka?"

"Baba mkubwa, ameshaanza kuzeeka. Ana goti bovu. Msimu huu ndio wa mwisho."

Loo! Mtoto anajenga huku, anabomoa mwenyewe kule. Lakini kwetu mchumba hachunguzwi kwenye simu. Shangazi ndiye anayekwenda kuiona nyumba, watu na tabia, na akirudi na hapana, barua ya posa haipokelewi. Shangazi ni mimi. Paskalina akatuma tiketi.

Asubuhi ya safari nilifika stendi ya Babati nikiwa nimevaa koti la mtumba linalofika miguuni, jua lilikuwa bado halijatoka na tayari natoka jasho. Konda akanipokea begi akicheka.

"Shikamoo mama. Koti lote hilo, unaenda kwenye baridi ya Mbulu?"

"Marahaba. Naenda mbele ya Mbulu kidogo."

Tukapita Minjingu, tukapita Makuyuni, na Arusha nikapata gari la uwanja wa ndege. Ndegeni sina la kusimulia. Nilisali, nikalala, nikaamka nikasali tena.

Tulipotua Uswidi, Paskalina alinikumbatia hadi kilemba kikaanguka. Nyuma yake alisimama jitu, pua imepinda, pengo mbele. Likainama kabisa na kusema, "Shikamoo, Shangazi." Nikaitika marahaba. Jina lake lilinishinda ulimi, nikamwita Andrea, naye akaitika tangu siku hiyo.

Njiani kuelekea mji wao, kaskazini, ilikuwa misitu na theluji tu. Kisha nikaona uwanja mweupe mpana, watu wanatembea juu yake na mzee mmoja ameketi kwenye kigoda anavua samaki tunduni.

"Hilo ni ziwa, Shangazi," Paskalina akasema.

"Weee! Mwambie huyo baba atoke!"

Wakacheka wote wawili. Mimi ni mtu wa ziwa. Letu la Babati lina viboko, na tangu utoto nimefundishwa kwamba ziwa unaliheshimu ukiwa ukingoni.

Jioni, tukila ugali wa unga niliobeba mwenyewe, Andrea alinisimulia kazi yake, Paskalina akitafsiri. Alianza akiwa mtoto mdogo, baba yake akimwaga maji uani usiku yagande, asubuhi mtoto avae viatu vyenye visu chini ateleze. Akiwa bado mvulana aliondoka nyumbani kwenda kulelewa na timu ya mji mwingine, akalia mwezi mzima akimtaka mama. Akachezea timu za nchi za watu, goti likapasuliwa, akaambiwa basi, akarudi uwanjani. Mwisho akarudi timu ya mji wake.

"Imebaki mechi mbili," akasema. "Ninachotaka ni kimoja tu, nimalizie hapa, nikiwa nimesimama juu ya barafu."

Alisema hivyo macho yamemlowa, wala hakuyaficha. Nikampenda kidogo, nikajizuia, maana sikutumwa kupenda.

Jumamosi tukaenda uwanjani, mechi ya kwanza kati ya zile mbili. Barafu iko ndani ya jengo, watu wameizunguka wanapiga kelele, na wachezaji wanakimbiza kisahani cheusi cha mpira, kigumu kama jiwe. Andrea alikuwa anateleza kinyumenyume, uso kwa adui wakati wote.

"Ndiyo kazi ya beki," Paskalina akanifafanulia. "Anarudi nyuma, lakini mgongo hampi mtu."

Hilo nililielewa. Kisha mtu wa timu pinzani akamsukuma golikipa, na Andrea akatupa gongo, akavua glavu, akampiga ngumi huyo mtu. Ngumi kweli, jamani, mbele ya watoto! Mwamuzi akamfungia kwenye kibanda cha vioo, akakaa humo kama mwanafunzi aliyepewa adhabu, damu inamtoka mdomoni, na watu wanampigia makofi.

Mimi sikupiga makofi. Nyumbani nikamwambia Paskalina wazi, "Mtu anayepigana mkwe anamtazama, mkwe asipotazama itakuwaje? Jibu langu ni hapana."

"Shangazi, alikuwa anamlinda golikipa. Golikipa amevaa mavazi mazito, hawezi kujitetea. Mimi hajawahi hata kunipandishia sauti."

"Kila apigaye ana sababu yake. Nimekaa sokoni miaka mingi, sababu zote nimezisikia."

Akalia. Akaenda kumwambia mwenzake, nami nikamsikia Andrea akiuliza neno moja tu. Sikupata usingizi mzuri.

Kesho yake, Jumapili, tulitakiwa kwenda kumsalimia mama yake Andrea. Nilikusudia nimwambie mama mwenzangu mimi mwenyewe, kwa heshima. Nyumba yake iko ng'ambo ya ziwa, na barabara inayozunguka ilikuwa imezibwa na theluji. Wao wanavuka kwa miguu. Andrea akaniletea mabuti yenye meno ya chuma. Nikakataa. Kwetu huendi kwa wakwe mara ya kwanza na mabuti ya kuazima. Nilivaa kitenge changu kizuri na viatu vyangu vya kanisani, vyenye kisigino kifupi. Paskalina akanisihi mpaka akachoka.

"Mbishi wewe!"

"Nimezaliwa hivyo."

Basi Andrea akanishika mikono yote miwili, akatangulia kinyumenyume, hatua kwa hatua, macho yake kwenye miguu yangu. Alikuwa anajua ninakwenda kumkataa, na bado alinishika hivyo. Tulipofika katikati, barafu ikatoa mlio mkubwa chini yetu. Kumbe ni kawaida yake, hulia tu. Mimi nikajua ni kiboko! Nikajinyofoa mikononi mwake nikakimbia, na viatu vya kanisani vikateleza. Nikawa naenda chali.

Sijui alifikaje. Ninachojua ni kwamba kichwa changu hakikugusa barafu, kilitua kifuani kwake. Yeye alikuwa chini yangu, mguu mmoja umekunjika upande ambao mguu haukunjiki. Uso ulikuwa mweupe kama ile theluji. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Shangazi, umeumia?"

Lilikuwa lile goti. Daktari akasema hakuna mechi tena, hata hiyo moja iliyobaki. Majitu yenye magongo yalihangaika naye miaka yote hiyo yakashindwa kumstaafisha, nikamstaafisha mimi, muuza samaki wa Babati. Nililia hospitalini bila aibu. Andrea akanipangusa machozi kwa shuka lake, akamwambia Paskalina kitu.

"Anasema usilie, Shangazi. Anasema kazi ya beki ndiyo hiyo."

Nilimtazama usoni nikitafuta hasira, kwa sababu mtu akinyang'anywa kitu ndipo unapomjua. Huzuni niliiona, tele. Hasira nilitafuta siku zote nilizobaki pale, sikuiona.

Mechi ya mwisho aliitazama akiwa kwenye kiti cha magurudumu, katikati ya mama yake na mimi. Ilipokwisha, wachezaji wa timu zote mbili wakaja upande wetu wakagonga magongo kwenye barafu, ko, ko, ko, hata yule aliyepigwa ngumi alikuwamo. Andrea alilia kwa sauti. Mama yake akamshika mkono mmoja, mimi nikamshika wa pili.

Niliporudi Babati sikupumzika. Nikachukua bodaboda hadi Sigino, kikao kimejaa, chai iko tayari.

"Haya, shangazi mtu," Kaka akasema. "Anafanya kazi gani?"

"Hana kazi."

Kelele zikawa kelele. Kaka akainua mkono wanyamaze. "Basi umekataa."

"Nimekubali."

Nikawasimulia yote, viatu na kiboko bila kuficha, wakacheka mpaka nilipofika kwenye goti. Nikawaambia nilitumwa kutazama kazi ya mtu, na kazi imekwisha mbele ya macho yangu, mtu bado yupo.

Kaka alizungusha kikombe chake muda mrefu.

"Alipokuwa amelala pale chini," akauliza, "alisema nini?"

"Aliniuliza kama nimeumia."

Kaka akakohoa, akatazama pembeni. Kisha akasema, "Mpigie Paskalina. Mwambie barua tunaisubiri, na kijana aje na mama yake. Ila umwonye mapema, ziwa la huku halikanyagwi."