Wakubwa Niliowachora Ukutani

Asubuhi hiyo niliondoka Busia bila kujua ninakoelekea. Kinyozi aliyeniahidi ukuta wake alikuwa ametundika bango la plastiki lenye vichwa vya watu maarufu, vyote vinang'aa kama vimepakwa mafuta.

"Pole, fundi," aliniambia, bila kuacha kufagia. "Hili bango mvua haiwezi kulifuta."

Nilikuwa nikilala kibandani kwake kwa ahadi ya kuuchora ukuta ule. Nikakunja blanketi, nikatia brashi na mikebe ya rangi mkobani, nikashika barabara ya Malaba kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yangu.

Nimechora wakubwa tangu nilipoacha shule ya msingi kabla ya kuimaliza. Marais, wapigania uhuru, mabondia, wanariadha, mhubiri mmoja mwenye miwani. Zamani kila niliyetakiwa kumchora nilitaka kwanza kumjua. Nilisoma magazeti yaliyofungiwa nyama. Niliwauliza walimu waliokuja kunyolewa: alizaliwa wapi huyu, alifungwa kwa nini, mama yake aliuza nini sokoni. Niliwapenda kweli. Ukichora macho ya mtu, ukamwekea ile nukta nyeupe ya mwanga, ni vigumu usimwamini.

Halafu kule Butula nilimchora mheshimiwa mmoja kwenye duka la mbolea. Rangi haijakauka vizuri, akahama chama, watu wakampaka matope. Kule Matayos niliitwa nimfute mwingine kwa chokaa. Miaka ikaenda hivyo, nachora, nafuta. Sikumbuki ni lini niliacha kuuliza walikozaliwa.

Nilipofika Alupe jua lilikuwa limepanda. Nilikaa kando ya barabara, karibu na hospitali, nipumzishe miguu. Hapo ndipo tulipomleta nyanya yangu nikiwa mtoto. Kidonda chake cha mguu kilinuka hata shangazi zangu walimwachia chakula mlangoni na kuondoka. Muuguzi mmoja alimfungua bendeji, akauweka mguu kwenye beseni na kuanza kuuosha, huku akimuuliza habari za mihogo yake, kama wanawake wawili wanaoosha vyombo nyuma ya nyumba. Hakuziba pua. Nyanya alilia, na nilijua hakuwa akilia kwa maumivu. Kila tuliporudi tulimkuta yuleyule.

Pikapu ya vitunguu ilinibeba hadi Malaba. Malori yalikuwa yamepanga foleni ya kuvuka kwenda Uganda. Mkabala nayo palikuwa na nyumba ya kulala wageni, ukuta wake wa mbele umepigwa lipu karibuni, mtupu. Madereva wawili walikuwa wakinywa chai kwenye benchi, na mwenye nyumba, mama mnene wa makamo, alikuwa akimenya viazi.

"Mama, chumba kipo?"

"Kipo. Wewe una nini?"

"Nina brashi."

Alicheka, akatazama ukuta. "Hawa madereva wanapita kama hawanioni. Nichoree mtu mkubwa, wasimame. Ukinipendeza, utalala na kula hapa mpaka umalize. Usiponipendeza, foleni ni hiyo, omba dereva akulaze kwenye lori."

"Chora rais," alisema dereva mmoja.

"Wenu au wetu?" akauliza mwenzake, aliyetoka ng'ambo ya Uganda. "Ukichora wao, boss, mimi chai nakunywa kwa jirani."

"Rais hapana," mama akasema. "Hapa analala kila mtu."

"Basi mchezaji mpira," akasema dereva wa kwanza.

"Huyo amenichania beti wiki nzima, pesa zangu zimeliwa. Nimwone tena nikiamka?" akalalamika yule wa ng'ambo.

Nilikuwa nimeshika kipande cha mkaa. Yeyote kati ya wakubwa hao ningemchora nikiwa nimefumba macho, na hilo lenyewe lilinichosha. Ukutani mkono wangu ukaanza na mgongo. Mgongo ulioinama, kiwiko, beseni, mguu ndani ya maji.

"Huyu ni nani?" mama akauliza.

"Muuguzi. Alikuwa Alupe zamani."

"Mkubwa wa hospitali?" akauliza yule wa ng'ambo.

"Aliosha vidonda."

Nilipofika usoni mkaa ulisimama. Marais nawajua hadi mikunjo ya shingo. Kwake nilikumbuka utosi tu, na kola ya sare. Kila nilipomwona alikuwa ameinama. Basi nikamwacha ameinama.

Mama alifuta mikono kwenye leso. "Sasa, fundi, mtu asimamishe lori aangalie mgongo?"

Sikuwa na nguvu ya kumtetea. Giza lilikuwa linaingia na magoti yananiuma. "Nikifuta naweza kukuwekea mwanariadha," nikasema.

Yule dereva wa ng'ambo alikuwa ameinuka na kikombe chake, amesogea hadi pua yake karibu iguse lipu. Alikaa hapo mpaka mwenzake akamwita, foleni imesonga. Hakugeuka.

"Umesahau slipa," alisema. "Mtu akioshwa mguu mmoja, slipa yake inabaki hapa kando."

Mama akamtazama yeye, akautazama mguu ule wa ukutani.

"Usifute," akaniambia. "Chumba chako ni cha mwisho. Kitasa kimeharibika, sukuma na bega."

Nikasukuma na bega. Kitanda, ndoo, kuta tupu zote nne. Nikalala na viatu, nikiiwaza ile slipa, kama ilikuwa ya bluu au ya kijani.